Shajara ya mradi: chipu ya kusoma jeni ya selimundu, Mombasa

Januari

Pesa za awamu ya kwanza zimeingia, kwa hiyo shajara inaanza leo. Naandika lengo mapema ili tusilipoteze njiani. Tunatengeneza chipu ya kutumika mara moja, inayotosha kiganjani, yenye vijimfereji vya kupitishia tone la damu lililotolewa kidoleni. Itoe jibu moja kati ya matatu ndani ya saa moja: AA, AS au SS. A ni nakala ya kawaida ya jeni, S ni ya selimundu, na kila mtu ana nakala mbili. Isihitaji pampu wala maabara kubwa, na ifanye kazi katika zahanati ya Likoni au Jomvu hata siku ambayo stima imepotea.

Tunachotafuta ni herufi moja tu. Kwenye jeni ya beta-globini, iliyo katika kromosomu ya 11, kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) ya sita kwa kawaida husomeka GAG. Kwenye jeni ya selimundu husomeka GTG. A imegeuka T, na protini ikapata valini mahali palipokuwa pa asidi ya glutamiki. Hemoglobini ya namna hiyo ikishaachia oksijeni hushikamana kuwa nyuzi, seli nyekundu zinapinda na kukakamaa, mishipa midogo inaziba. Maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto wa SS usiku wa manane chanzo chake ni herufi hiyo.

Hapa Pwani herufi hiyo ni ya zamani. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alizunguka nchi mwaka 1949 akipima damu, akaona jeni ya S imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, huku nyanda za juu ikiwa nadra. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mwenye nakala moja ya S hupata kinga dhidi ya malaria. Baadaye utafiti wa Kilifi ulionyesha kuwa kinga hiyo ni kubwa mno, takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo mitaani kwetu watu wa AS ni wengi, na karibu wote ni wazima kabisa.

Ndiyo maana chipu itakayosema tu kwamba S ipo haitatufaa. Kipimo cha bei nafuu cha kuangalia kama damu inatia ukungu kwenye dawa kina tatizo hilo hilo: hakitofautishi AS na SS. Tena kwa mtoto mchanga hakiaminiki, kwa sababu bado amejaa hemoglobini ya kitoto, F, na dalili huanza kujitokeza akikaribia miezi sita. DNA haina habari na umri. Mtoto aliyezaliwa leo na mtu mzima husomwa sawa.

Februari

Tumebishana kuhusu PCR na LAMP, njia mbili za kunakili DNA mara nyingi mpaka ionekane, na tumemaliza: ni LAMP. PCR ina heshima yake katika jambo hili: makala ya kwanza kabisa iliyoitangaza mwaka 1985 ilihusu beta-globini na utambuzi wa selimundu. Lakini PCR inataka joto lipande hadi nyuzi 95, lishuke, lipande tena, mara thelathini na zaidi. Kwa betri ndogo hilo ni mzigo. LAMP, mbinu iliyochapishwa Japani mwaka 2000, hukaa kwenye nyuzi 60 hadi 65 mwanzo mwisho. Kimeng'enya chake cha Bst hufungua nyuzi za DNA chenyewe huku kikinakili. Kipashio kidogo cha joto na betri ya pikipiki vinatosha.

Gharama ya uamuzi huo iko kwenye praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha unakili uanzie wapi. LAMP hutumia nne hadi sita badala ya mbili, na kuitambua herufi moja ni kazi ya ufundi. Tumeiweka herufi yenyewe kwenye ncha ya mwanzo, 5', ya praima za ndani. Ikishanakiliwa, inaangukia kwenye ncha ya mwisho, 3', ya uzi unaojikunja ili kuendeleza unakili. Herufi ikiwa ngeni, ncha haishiki na mzunguko unakwama. Kwa hiyo chipu ina vyumba vitatu: kimoja chenye praima za A, kimoja za S, na cha tatu cha kuthibitisha kwamba DNA ilifika.

Mzigo wa vimeng'enya umefika ukiwa na barafu nusu. Vimewekwa kwenye friji ya nyuzi 20 chini ya sifuri, vitapimwa kabla ya kutumiwa popote.

Machi

Wiki hii yote imekwenda kwenye plastiki.

Vifaa vingi vya utafiti wa vijimfereji hutengenezwa kwa mpira wa silikoni uitwao PDMS, njia iliyoenezwa na kundi la George Whitesides wa Harvard mwaka 1998. Unaumwaga kwenye kalibu, unakauka, unaubandika kwenye kioo. Ni njia nzuri, lakini PDMS hupitisha mvuke wa maji. Chumba cha maikrolita chache kikikaa kwenye nyuzi 65 kwa muda, kinaanza kukauka kikiwa kimefungwa. Juu ya hayo, kuibandika vizuri kunahitaji mashine ya plazma ya oksijeni ambayo hatuna. Tukaamua kwenda na akriliki, plastiki ngumu ya mabango.

Mwembe Tayari kuna fundi wa mabango mwenye mashine ya kukata kwa leza. Ameshakata majina ya nusu ya maduka ya mtaa ule. Nilimpelekea mchoro wenye mifereji ya upana wa maikromita 400, akauangalia muda mrefu, akaupanua kwenye skrini, akaupanua tena.

"Dada, hii si kazi ya bango," akasema. "Hii ni kazi ya sonara."

Hata hivyo aliikubali, na hakukosea kuhusu ugumu wake. Leza haikati tu, inayeyusha. Kingo za mfereji zilitoka zikiwa na ukuta mdogo ulioinuka, na ukuta huo unazuia utepe wa gundi kushika sawasawa. Fundi ndiye aliyetoa wazo la kupunguza nguvu ya mwale na kupitisha mara mbili kwa mwendo wa kasi. Ukuta ukapungua mpaka kidole hakiusikii.

Kisha tukaingia kwenye jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Tulipozifuta chipu kwa spiriti kuondoa vumbi, nyufa nyembamba zikatokea pembeni mwa kila mfereji, zikiongezeka huku tunaziangalia. Akriliki iliyokatwa kwa leza hubaki na mkazo ndani yake, na pombe huuachilia mkazo huo kwa namna ya nyufa. Dawa yake ni kuzipasha chipu kwenye oveni ya nyuzi 80, chini ya kiwango cha kulainika, kisha kuziacha zipoe polepole. Siku hizi tunapasha kila bamba, na kuosha ni kwa sabuni na maji yaliyochemshwa na kutoneshwa. Spiriti haiingii mezani tena.

Mwisho wa mwezi tuna chipu za tabaka tatu: bamba la chini, utepe wa gundi ya pande mbili uliokatwa vyumba, na kifuniko. Hazivuji.

Aprili, masika yameshika

Tumejaza chipu kwa maji ya rangi ili kuona yanavyotembea. Nyekundu kutoka mlango mmoja, buluu kutoka mwingine, zikutane kwenye mfereji mmoja. Zilikutana, lakini hazikuchanganyika. Zilitembea ubavu kwa ubavu mpaka mwisho wa mfereji, mstari kati yao umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Hesabu inasema hivyo hivyo. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama maji yatatulia au yatavurugika, kwenye mfereji wa upana huu, maji yakienda milimita moja kwa sekunde, haifiki hata 1, ilhali vurugu ya maji ndani ya bomba huanza karibu 2,000. Humu hakuna kukoroga. Kinachochanganya ni mtawanyiko wa molekuli peke yake, nao una sheria yake: praima huhitaji karibu dakika moja kuvuka maikromita 100, lakini umbali ukizidi maradufu, muda unazidi mara nne. Kimeng'enya, kwa kuwa ni kikubwa, huchelewa zaidi.

Hapo ndipo mchoro ulipobadilika. Tulikuwa tumepanga kuweka dawa za kipimo (praima na vimeng'enya) zilizokaushwa kama punje kwenye kona ya chumba. Punje ikiyeyuka konani, upande wa pili wa chumba utakaa bila praima kwa muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Sasa dawa inatandazwa tabaka jembamba kwenye sakafu yote ya chumba, na kina cha chumba kimeshuka hadi maikromita 300. Safari ya kila molekuli imekuwa fupi.

Viputo navyo. Chipu ikipanda joto, hewa iliyoyeyuka majini inatoka, na inapenda kutokea kwenye kona kali na mahali penye mikwaruzo. Niliketi na hadubini nikakitazama kimoja kikianza: doa dogo konani, dogo kuliko chembe ya chumvi, likavimba taratibu mpaka likaziba mlango wa chumba cha S na kusukuma nusu ya maji nje. Chipu hiyo ingemsoma mtoto wa AS kuwa AA. Kona zote zimezungushwa, na sampuli inapashwa kidogo kabla ya kuingia ili itoe hewa yake nje.

Aprili, baadaye

Stima imekatika mchana kutwa kwa sababu ya mvua. Friji imeshikiliwa na jenereta ya jirani. Hakuna kilichoharibika.

Mei

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pia, kwa hiyo tumeanza kutumia damu ya watu wa timu waliojitolea, ambao jibu lao tunalijua. Kila mmoja amethibitishwa kwa njia ya zamani: PCR, kisha kimeng'enya cha DdeI, ambacho hukata DNA ya A palepale kwenye kodoni ya sita na kushindwa kuikata ya S. Kwenye jeli, AS huonyesha mistari ya pande zote mbili. Ni njia ya polepole lakini haina ubishi, na ndiyo tunayojipima nayo.

Damu ni adui wa LAMP kuliko tulivyozoea kusema. Hemi, ile sehemu yenye chuma, huzuia kimeng'enya. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, pia huzuia, basi mirija yetu ni ya EDTA, nyingine ya kazi hiyo, na kidogo, maana EDTA nayo hunyakua magnesiamu ambayo Bst inaitegemea. Njia ya kawaida ni kusafisha DNA kwanza, ila usafishaji ni hatua nne au tano zaidi, na kila hatua ni mahali pengine pa muuguzi kukwama.

Tukapiga hesabu badala yake. Maikrolita moja ya damu ina seli nyeupe 4,000 hadi 11,000. Tuchukue 5,000. Ukiizimua mara 50, kila maikrolita 5 zinazoingia chumbani zina seli 500, yaani nakala 1,000 za jeni. Kwa mtu wa AS, nakala 500 za kila upande. LAMP inahitaji chache kuliko hizo. Basi hakuna haja ya kusafisha: pasha, zimua, ingiza. Hemi imepungua mara 50 na DNA bado inatosha. Nilifurahi sana siku ile, na nafurahi bado.

Lakini uzimuaji ulileta jambo jingine. Tulikuwa na vali zisizo na sehemu inayosogea: mfereji unapanuka ghafla, na maji yanasimama hapo kwa nguvu ya uso wake. Kwa maji ya rangi zilisimama imara. Kwa damu iliyozimuliwa yenye Tween, aina ya sabuni, maji yalipita moja kwa moja, kwa sababu sabuni na protini hudhoofisha nguvu hiyo ya uso. Praima za A zingeweza kuhamia chumba cha S. Vali tumeziacha. Sasa vyumba vikishajaa, mafuta mazito yanaingia nyuma yake na kuvitenga kimoja kimoja. Mafuta hayohayo yanazuia ukaukaji.

Juni

Kwenye usomaji tumechagua mwanga. Rangi ya fenoli nyekundu, inayogeuka njano tindikali inapoongezeka, ilikuwa rahisi kwa macho, ila inategemea kimiminika kisicho na kizuizi cha tindikali, na damu inakuja na vizuizi vyake. Tunatumia taa ya LED ya buluu, kichujio cha rangi ya chungwa, na kamera ya simu inayopiga picha kila nusu dakika.

Kwa DNA ya AA, chumba cha A kinawaka na cha S kinabaki giza. Kwa SS, kinyume chake. Kwa AS vyote viwili. Tuliyaona hayo matatu kwenye chipu za kundi moja, mchana mmoja, na mtaalamu wetu wa maabara, ambaye si mtu wa makelele, alipiga meza.

Ugumu uko kwenye muda. Ukiacha chipu ikae mno, chumba ambacho hakitakiwi kuwaka nacho kinawaka. LAMP ina praima nyingi, na zikikaa pamoja muda mrefu kwenye joto hushikana zenyewe kwa zenyewe. Kuna sababu ya pili pia. Jeni jirani ya delta-globini inafanana mno na beta, na praima mbili kati ya zetu zilikuwa zimekaa juu ya sehemu ambayo jeni hizo hazitofautiani. Hizo zimechorwa upya.

Sheria tuliyoweka ni hii: kinachosomwa ni mwanga uliotokea ndani ya dirisha la muda, na tofauti ya muda kati ya A na S. Kikiwaka nje ya dirisha hakihesabiwi. Kikiwaka mpakani, jibu ni "haijulikani, rudia". Wenzangu wawili waliona hilo litaonekana udhaifu. Mimi naona jibu la kubahatisha kwa mtoto wa mtu ndilo udhaifu.

Julai

Hatukugusa chipu wiki hii. Tulikwenda kliniki kuzungumza na wazazi kuhusu karatasi ya majibu, bila kuchukua sampuli yoyote.

Nyanya mmoja alikuja na mjukuu wake mgongoni. Alisikiliza maelezo yetu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo AS ni ugonjwa ama si ugonjwa?" Nikamwambia si ugonjwa. Akanieleza kwamba miaka mingi nyuma aliambiwa wanawe "wana sickle", akawalea kwa hofu, hawakuruhusiwa kucheza mpira wala kuogelea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu kama karatasi yetu itamfanyia binti yake vilevile.

Tukakubaliana karatasi isitoe herufi mbili peke yake. Itoe sentensi. Kwa AS tuliandika kwamba mtoto amebeba jeni moja ya S na si mgonjwa, na kwamba wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya SS.

Jambo la pili lililoibuka pale ni zito zaidi. Majibu ya jeni ya baba, mama na mtoto yakiwekwa pamoja yanaweza kufichua kwamba baba si baba. Hatutaki chipu ivunje nyumba ya mtu. Programu ya simu haitalinganisha watu wa familia moja, na jina la mzazi halitahifadhiwa pamoja na jibu la mtoto.

Agosti

Sentensi ya AS tumeifuta na kuiandika upya.

Sababu ni thalasemia ya beta. Mtu anaweza kuwa na S upande mmoja, na upande mwingine jeni ya beta iliyoharibika mahali tofauti kabisa, mbali na kodoni ya sita. Chipu yetu itaona S moja na GAG moja, na itasema AS. Lakini mtoto huyo ni mgonjwa, kwa sababu jeni yake ya pili haitoi globini ya kutosha. Thalasemia ya beta ni ya kawaida zaidi Bara Hindi na Mashariki ya Kati, na Mombasa ni mji wa watu wenye asili ya huko kwa karne nyingi. Hatuwezi kuiita nadra tukaipita. Kuna pia hemoglobini C, ambayo hutokana na herufi ya mwanzo ya kodoni hiyohiyo, na inapatikana zaidi Afrika Magharibi. Mtoto wa S na C anaweza kuonekana kama SS kwetu.

Sasa karatasi ya AS inasema: mtoto amebeba jeni moja ya S, wengi wenye jibu hili huishi bila ugonjwa, na akiwa na maumivu ya mifupa, macho ya manjano au upungufu wa damu apelekwe kupimwa hemoglobini yenyewe. Ya S bila A inasema aanze kutunzwa leo na uthibitisho ufuate, kwa sababu penisilini ya kumkinga mtoto haisubiri.

Kwenye benchi, kazi ni kukausha dawa. Bst yenye gliseroli haikaukiki, hivyo tumeagiza isiyo na gliseroli, na sukari ya trehalosi inaishikilia isiharibike. Hewa ya Mombasa ndiyo shida: tabaka lililokauka, ukiliacha wazi mezani, linanyonya unyevu na kuanza kung'aa kabla hujamaliza kubandika kifuniko. Tunabandika ndani ya sanduku lililojaa silika jeli, kisha chipu inaingia kwenye mfuko wa foili.

Kundi la kwanza la chipu zilizokaushwa liko kabatini kwenye joto la chumba, bila feni wala kiyoyozi. Kila wiki tunatoa chache na kuzijaribu kwa DNA ya AS, maana hiyo ndiyo inayoonyesha upesi chumba kimoja kikianza kuchoka kabla ya kingine. Zile za wiki iliyopita, A ilichelewa kidogo nyuma ya S. Kesho tunafungua mifuko mipya na kuangalia kama ni gundi ya mfuko au ni praima.